Gemu Linaongea Kiswahili, Babati Wakalizima Dakika ya 20

Kuna ubishi unaendelea mjini Babati tangu wiki iliyopita, na safari hii si wa Simba na Yanga. Ni wa gemu. Jamaa mmoja wa mitaa ya Bagara, fundi simu, mwenye laptopu ya nguvu kuliko kazi anayoifanyia (alitumiwa na dada yake), alishusha gemu jipya linaitwa Tales of Kenzera: Zau. Akalibeba mpaka kibanda kimoja cha gemu karibu na stendi, akachomeka kwenye TV kubwa. Nia yake ilikuwa safi tu: washkaji waone kwamba limetoka gemu la maana, la mwaka 2024, ambalo wahusika wake wanaongea Kiswahili. Siyo maandishi yale ya chini. Wanaongea kwa midomo yao.

Dakika ya 20 mwenye kibanda akamwambia achomoe, wateja wa FC 24 wamejaa mlangoni.

Tangu hapo statasi ni vijembe. Mmoja kaliita gemu la bibi. Mwingine kasema ni taarifa ya habari yenye mapigano. Halafu yupo yule ambaye kila mtu anamsikiliza kwa mambo ya magemu mjini hapa, mwenye wafuasi kuliko wote. Huyo akaposti klipu ya sekunde 15 na kuandika kwamba Kiswahili na gemu haviendani. Basi, kesi imefungwa. Watu ambao siku hiyo walikuwa Magugu au Arusha kabisa nao wakawa na maoni makali kuhusu gemu ambalo hawajawahi kushika padi yake.

Kiukweli hukumu hiyo ni ya haraka mno, na inaumiza kuliko inavyoonekana.

Tuanze na gemu lenyewe, maana kwenye kelele zote hizo hakuna aliyelielezea. Lilitoka Aprili 23, 2024. Limetengenezwa na studio ndogo ya Uingereza inaitwa Surgent Studios, na mwenye studio ni Abubakar Salim, mwigizaji mwenye asili ya Kenya. Waliocheza Assassin's Creed Origins ya 2017 wanaijua sauti yake hata kama hawalijui jina, yeye ndiye Bayek. Aliyelisambaza ni EA. Ndiyo, EA wale wale wa FIFA, ambayo sasa inaitwa FC lakini pale stendi itaendelea kuitwa FIFA mpaka kiama. Yaani kwenye kibanda kile gemu la EA limetolewa ili liwekwe gemu la EA.

Stori iko hivi. Kuna kijana anaitwa Zuberi, anaishi mji wa kesho unaoitwa Amani, amefiwa na baba. Baba kamwachia kitabu. Ndani ya kitabu kuna Zau, kijana mganga, naye amefiwa na baba yake na amekataa kukubali. Anamwita Kalunga, mungu wa kifo, wanawekeana makubaliano: Zau akamate mizimu mikubwa mitatu iliyogoma kwenda kuzimu, Kalunga amrudishie Baba. Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Cha jua ni cha moto na kupiga karibu, cha mwezi ni cha kurusha kwa mbali, na unabadilisha kwa kubonyeza kitufe kimoja katikati ya ugomvi. Ukiizoea ile badilisha-badilisha, mikono inacheza yenyewe. Rangi zake ni balaa. Hata wale waliokuwa wanazomea walinyamaza kidogo ilipotokea picha ya kwanza ya bonde.

Makosa yapo na yasemwe. Maadui wanajirudia. Kuna sehemu ukiteleza kidogo tu umekufa, unarudishwa nyuma, unaanza kuruka upya mpaka unatamani kutupa laptopu ziwani kwa viboko. Na halitakupa uhuru wa kuzurura. Hapa ndipo vijana wengi walipokatika stimu. Watu wamekulia kwenye San Andreas, unaiba gari, unapanda mlima, misheni utaifanya kesho au usiifanye kabisa. Wadogo zao wapo kwenye Minecraft ya simu wanajenga nyumba ambazo baba zao hawajajenga. Kwa mtu wa aina hiyo gemu lenye dunia ya wazi ndilo gemu, na Zau halina dunia ya wazi kwa kiwango hicho. Ramani yake ina kona na njia za kurudi, lakini stori ndiyo inayokushika mkono. Mwenye kulalamikia hilo ana haki yake. Halijidai kuwa San Andreas, ila mtu kuchoka ni kuchoka. Tena kwa saa nane hivi unalimaliza.

Lakini kilichochekwa siku ile hakikuwa ramani. Zau alipofungua mdomo ndipo kibanda kizima kikaangua kicheko.

Hebu fikiria vizuri hilo tukio. Vijana 15 hivi, wote wanaongea Kiswahili kuanzia asubuhi, wanatukanana kwa Kiswahili wakifungwa goli, wanasikia kijana mweusi kwenye skrini anaongea lugha yao na wanacheka kama vile kafanya kosa. Mmoja anasema hiyo lafudhi ya Mombasa, mwingine anabisha ni ya Zanzibar. Kwani yule mtangazaji wa FIFA wa Kiingereza lafudhi yake ni ya Babati? Hakuna aliyewahi kuuliza. Sikio limezoeshwa kwamba shujaa wa gemu anaongea Kimarekani, basi. Kiswahili ni cha mama akikutuma dukani, cha mwalimu, cha tangazo la msiba kwenye redio. Kikitokea mahali pa shujaa kinaonekana kimevaa nguo ya kuazima. Kosa la hapo si la waigizaji.

Na hoja kwamba watu wa hapa hawana subira ya stori haina miguu. Babati hii hii watu wamekua kwenye vibanda umiza, saa mbili kwenye benchi la mbao lisilo na mgongo, wanaangalia sinema ya Kihindi au ya Kichina huku Lufufu anatafsiri, na baada yake wengine waliomfuata. Sauti moja ilikuwa inafanya baba, mama, jambazi na mbwa. Hakuna aliyesema Kiswahili na sinema haviendani. Watu walikuwa wanachagua kibanda kwa kuangalia mkanda umetafsiriwa na nani. Subira ipo, tatizo ni bei ya dakika.

Mwenye kibanda hana kosa, asichafuliwe. Mechi moja shilingi 500, wachezaji wawili, dakika chache, wanaofuata. Gemu la stori linakaliwa na mtu mmoja saa nzima huku wengine 14 wanapumua tu oksijeni ya kibanda bure. Umeme analipa yeye, pango analipa yeye. Ila asubuhi, kabla shule hazijatoka na kabla boda hawajaanza kupumzika, kibanda kile kinakuwa kitupu na feni inazunguka peke yake. Saa hizo mtu anaweza kukodishiwa kwa saa. Hesabu hiyo haihitaji chuo.

Kikaja na kile kingine. Mama anayeuza chipsi pembeni ya kibanda alichungulia, akaona vinyago vinatoa moto, akauliza huyo ni nani. Fundi simu kwa uaminifu wake akajibu: mganga. Mama akasema watoe mambo yao ya kishirikina, yeye ana watoto. Na baadhi ya vijana wakaunga mkono, wale wale ambao wanamchinja mtu kwa panga kwenye gemu jingine bila kuomba toba.

Sasa, neno mganga lina bahati mbaya. Mkoa huu wa Manyara una Mganga Mkuu wa Mkoa, ni cheo cha serikali, ni daktari, na hakuna anayekwepa mlango wake kwa kuogopa tunguri. Neno ni lile lile, maana yake anayeganga, anayetibu. Salim mwenyewe ameeleza kwamba babu yake alikuwa mganga wa jadi Kenya, na visa alivyosikia kwa baba yake ndivyo vilivyozaa gemu hili. Zau hamrogi mtu. Kazi yake ni kuituliza mizimu iliyokwama, na kila mzimu umekwama kwa sababu ya uchungu fulani. Akichoka anakaa chini ya mbuyu anaongea na Kalunga kuhusu mzee wake, na afya inaongezeka. Mtu aliyepita Tarangire akaona mibuyu ile haihitaji kuelezwa kwa nini mbuyu.

Hapo kwenye uchungu ndipo gemu hili lilipo, na ndipo lilipochekwa bila kusikilizwa. Salim alifiwa na baba yake, akatengeneza gemu. Ndiyo maana Zau ana hasira hasira muda wote, anajibu vibaya, anakurupuka. Mtu aliyefiwa yuko hivyo. Kijana wa kiume hapa akifiwa anapewa siku tatu za kukaa kwenye turubai, anashikwa bega, anaambiwa jikaze wewe ndiye mwanaume wa nyumba sasa. Siku ya nne yuko kwenye boda. Mkoa huu Desemba 3, 2023 ulishuhudia matope ya Mlima Hanang yakishuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Kati ya waliobaki wapo vijana. Viongozi walikuja, misaada ikaja, magari ya redio yakaja, yakaondoka. Vijana wale wanaongea wapi? Ni wazi gemu haliwezi kumtibu mtu. Ila kumtania kijana anayelia kwa ajili ya baba yake kwenye skrini, kwa sababu tu analia kwa lugha unayoielewa, hiyo ni roho gani?

Fundi simu anasema alipokuwa anakunja nyaya zake siku ile, wote wameshageukia FC, dogo mmoja wa bodaboda alibaki amesimama. Hakuwa amecheka wala kusema kitu. Mzee wake alizikwa Galapo mwaka jana. Akauliza swali moja tu: "Kwani mwishoni anamrudisha kweli?" Fundi akamjibu bado hajafika huko.

Kuna suala la hela pia. Bei ya gemu hili duniani lilipotoka ilikuwa dola 19.99, kwa chenji ya mwaka 2024 ilizidi shilingi 50,000, na bado hujanunua bando la kulishushia. Ni pesa ndefu. Fundi alilipa kwa kadi ya dada yake. Kesho yake watu watatu, na mmoja wao alikuwa kwenye wale wacheshi wa statasi, wakamfuata inboksi: "nitupie kwenye flashi." Kwa hiyo gemu ni bovu, ila la bure linafaa? UNESCO wanakadiria wasemaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200, takwimu tunayopenda kuitaja kila Julai 7. Studio haihesabu wasemaji, inahesabu walionunua. Studio ndogo ikitia sauti za Kiswahili kwenye gemu, inalipa waigizaji, inalipa muda wa kurekodi, halafu inaangalia ripoti ya mauzo. Isipoona mtu, gemu la pili litakuja na Kijapani na Kijerumani, na kelele za "mbona lugha yetu hawaiweki" zitaanzia hapa hapa. Kama 50,000 ni nyingi kwa mtu mmoja, na ni nyingi, washkaji kumi kwa 5,000 kila mmoja inawezekana. Jumapili moja ya mikeka inakula zaidi ya hapo, na hakuna stori inayobaki.

Yule mwenye wafuasi aliyeposti klipu alikuwa na nafasi kubwa kuliko wote. Angeweza kuomba laptopu kwa usiku mmoja, acheze mpaka mzimu wa kwanza, halafu aje aseme ni bovu, na hoja zake zingesikika. Badala yake kachukua sekunde 15 za kicheko, kavuna likes zake. Ukiitwa mtaalamu wa magemu wa mji mzima, cheza gemu. Ni kazi rahisi kuliko kazi zote Babati, na bado imemshinda.

Habari za karibuni ni kwamba fundi simu na mwenye kibanda wameongea. Wanajaribu Jumamosi hii, saa mbili asubuhi mpaka saa nne, 1,000 kwa saa kwa anayeshika padi, kuangalia bure. Dogo wa bodaboda kaulizia kama anaweza kuja na kofia yake ya kazi, akipata abiria anaondoka. Swali lake lina jibu, lipo mwisho kabisa wa gemu, na hapa haliandikwi.