Mbao za Kilwa zikaushwe Kilwa



Mimi ni fundi seremala hapa Kilwa. Kinachoniuma ni kuona mninga na mkongo wa wilaya hii ukipita barabarani kwenda Dar es Salaam, na vijana niliowafundisha kushika randa wanaambulia kibarua cha kupakia lori.

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji haukuwa kizuizi tena, na magogo yetu yakatoka kwa kasi ya kutisha, mengi yakielekea China. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionyesha kuwa mazao ya misitu yaliyoandikwa China kuwa yametoka Tanzania yalikuwa mara kumi ya yale tuliyoyaandika sisi kuwa yametoka. Serikali ilipiga marufuku magogo kwenda nje, na ilifanya vyema. Lakini marufuku ile ilitazama umbo la mti tu. Gogo likishapasuliwa pande nne linaitwa mbao, hata kama halijafanyiwa kazi nyingine yoyote. Katika yadi moja nimeziona kwa macho yangu boriti nene za mninga, bado mbichi, zimepakwa rangi nchani zisipasuke safarini. Kuchana, kukausha, kuranda, kuunganisha na kupiga vanishi, yote hayo yanakwenda kumlipa mtu mwingine mbali.

Nasisitiza kukausha, maana hapo ndipo tunapokwama. Mteja anataka mlango leo, nami mbao niliyonayo ilichanwa juzi. Nikimtengenezea, baada ya miezi michache mlango umepinda, kitasa hakishiki, na yule mteja anaapa kwamba safari nyingine atanunua wa kutoka nje. Simlaumu. Tanuri la kukaushia mbao si kitu ambacho seremala mmoja anaweza kukinunua, na mfanyabiashara mwenye fedha hana sababu ya kulijenga hapa iwapo boriti mbichi inamlipa vilevile. Nishati tunayo: gesi ya Songosongo inachimbwa katika wilaya hii hii, na inapita Somanga kwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004.

Wanavijiji wenyewe wamekwisha kufanya sehemu yao. Kikole na Kisangi walipata cheti cha FSC, yaani cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009 kwa kutunza misitu yao ya asili, wakiwa jamii za kwanza Afrika kufanya hivyo. Mpingo wa Kilwa unajulikana kwa mafundi wa klarineti huko Ulaya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kubaki na mapato ya msitu wake, nasi tunashukuru. Hata hivyo kijiji kinauza mti uliosimama, mnunuzi anakuja na mashine yake na vijana wake, na wiki ikiisha kinachobaki ni maranda na mabanzi.

Najua wapo watakaojibu kwamba viwanda vya ndani vinapoteza mbao nyingi na kwamba kiwanda kikubwa kitaumaliza msitu. La kwanza ni kweli kwa misumeno chakavu tuliyo nayo, na dawa yake ni misumeno mizuri. La pili nalichukulia kwa uzito zaidi: kiasi cha kuvuna kibaki kile kilichopangwa katika mipango ya vijiji, kiwanda kiwepo kisiwepo. Wengine wameweza: Gabon ilizuia magogo kwenda nje mwaka 2010 na ikajenga eneo la viwanda vya mbao Nkok, karibu na Libreville. Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, nao wamezuia tangu 2017.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Maliasili na Utalii iweke kipimo cha kazi, si cha umbo. Mbao ya miti ya asili isitoke nchini kabla haijakauka kwa kiwango kinachopimika kwa kifaa pale bandarini, na unene wake uwe na ukomo. Anayesafirisha mbao iliyorandwa atozwe kidogo, anayesafirisha boriti alipe mpaka aone ni nafuu kununua tanuri. Kila kibali cha kuvuna katika wilaya kitenge sehemu kwa wachanaji na maseremala wa wilaya hiyo, kwa bei ileile anayolipa mgeni. Na wabunge wetu wa mkoa wa Lindi waulize bungeni, bajeti ya wizara hiyo itakaposomwa, ni matanuri mangapi ya kukaushia mbao yapo kusini mwa Rufiji.

Fundi seremala,
Kilwa Masoko