Betri za visiwani zisiachwe zife

MKAZI wa Kampala akikatiwa umeme usiku hulalamika, akawasha mshumaa, akangoja urudi. Mvuvi wa Visiwa vya Ssese hawezi kungoja. Sangara aliyevuliwa usiku huanza kuharibika mapema mchana iwapo hakuna barafu, na barafu haitengenezwi bila umeme.

Wilaya ya Kalangala ina visiwa 84 ndani ya Ziwa Victoria. Kuvifikisha vyote kwenye gridi ya taifa ni kazi ya gharama kubwa mno. Ndiyo maana nguvu za jua zimekuwa tegemeo. Kisiwani Bugala kilijengwa kituo cha megawati 1.6 kinachochanganya jua na dizeli. Kitobo, na pia Lolwe katika Wilaya ya Namayingo, ilijengwa mitambo ya jua yenye betri. Ni hatua njema, na waliohusika wanastahili pongezi.

Lakini jua huwaka mchana, ilhali wananchi huhitaji umeme zaidi kuanzia saa moja jioni. Betri ndiyo inayohifadhi umeme wa mchana kwa matumizi ya usiku. Ikifa, kinachobaki ni jenereta, na dizeli yake husafirishwa kwa boti na bei yake hupanda kila mara.

Hapa ndipo penye wasiwasi wetu. Paneli ya jua huweza kudumu zaidi ya miaka 20. Betri haifiki huko. Zile za risasi huweza kuchoka baada ya miaka michache, hasa kwenye joto, na hata zile za lithiamu zina mwisho wake. Ni shule na zahanati ngapi vijijini zina paneli juu ya paa na giza ndani, kwa sababu siku betri ilipokufa hakukuwa na fedha za kununua nyingine?

Wapo wanaosema dawa ni kupitisha waya chini ya ziwa, hasa baada ya bwawa la Karuma la megawati 600 kuzinduliwa Septemba 2024. Hatupingi waya. Tunawakumbusha tu yaliyowapata ndugu zetu wa Unguja, ambao umeme wao hutoka Tanzania Bara kupitia chini ya bahari. Mwaka 2008 walikaa gizani takriban mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 wakapatwa tena na balaa hilo hilo. Kisiwa chenye waya mmoja tu na kisicho na akiba hakina usalama.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, Mamlaka ya Kudhibiti Umeme ihakikishe kila mwenye leseni ya mtambo wa kisiwani anatenga, tangu siku ya kwanza, sehemu ya mapato katika akaunti maalumu ya kununulia betri mpya. Pili, Serikali ichangie akiba hiyo, ili mzigo wote usimwangukie mvuvi kupitia bei ya umeme. Mkazi wa bara hachajiwi peke yake gharama ya nguzo zinazofika mlangoni kwake. Kwa nini wa kisiwani atozwe kila kitu? Tatu, betri zilizokufa zirudishwe bara na kushughulikiwa kitaalamu. Risasi isitupwe ufukweni mwa ziwa tunalokunywa maji yake.

Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme uliokuwa mikononi mwa Umeme umerejea kwa kampuni ya Serikali, UEDCL. Kwa hiyo kisingizio kwamba umeme ni shauri la wawekezaji hakina nguvu tena.

Kuzindua mtambo ni shughuli ya siku moja, yenye hotuba na ngoma. Kuutunza ni kazi ya miaka. Akiba haiozi, na akiba ya betri ianze kuwekwa sasa, kabla taa za visiwani hazijazimika.