Mtu Wetu Haanguki

Kaa kwa steji ya boda hapa Lurambi, upande wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, siku mheshimiwa fulani ameshikwa na EACC. Utasikia habari kabla redio haijazitangaza. Mmoja atacheka. Mwingine atauliza ni pesa ngapi. Halafu mzee atasema, kwa sauti ya kufunga mjadala, "Lakini alitusaidia kuzika."

Mjadala umeisha. Mimi nasema ungeanzia hapo.

Tumezoea kusema mwanasiasa "ameanguka" mara tu anapopigwa picha akiingia mahakama ya Milimani. Wapi! Tazama majirani zetu wa Sirisia, kaunti ya Bungoma. Mwaka wa 2004 kampuni ya Erad ilipewa zabuni ya kuiuzia Bodi ya Nafaka na Mazao tani 40,000 za mahindi. Mahindi hayakufika. Kampuni bado ilidai fidia na ikalipwa mamilioni, eti pamoja na gharama za kuyahifadhi. Juni 2020, mahakama ikampata mbunge John Waluke na hatia, ikampa miaka 67 jela au faini nzito. Akakata rufaa, akatoka kwa dhamana. Agosti 2022, kila mtu akijua haya yote, Sirisia ikamrudisha bungeni. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikaidhinisha hukumu na mbunge akaenda jela akiwa na kiti chake. Kesi iliendelea kupanda ngazi za rufaa; mambo ya majaji nawaachia majaji. Mimi nauliza habari ya kura.

Na sisi wa Lurambi tusiwacheke. Kenya nzima ni Sirisia.

Sheria yenyewe imeacha mlango wazi. Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia mtu mwenye kifungo cha miezi sita au zaidi kugombea ubunge, lakini si kabla rufaa zote hazijaisha. Na rufaa za mwenye pesa haziishi kesho. Ibara ya 104 inatupa haki ya kumtoa mbunge kabla ya muhula wake kwisha; hakuna jimbo hata moja lililowahi kuitumia likafaulu. Aliyekuwa gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, aling'olewa na maseneta Januari 2020, na mahakama ikampa miaka 12 au faini ya shilingi milioni 53.5 mnamo Februari 2025. Huyo aliangushwa na wanasiasa wenzake, kisha hakimu. Wapiga kura hawakuhitajika.

Kwa nini sisi hatumwangushi mtu? Jibu liko nyumbani kwetu. Nikiwa kidato cha tatu, mama alipanga foleni tangu alfajiri akatafuta basari. Fomu ilitiwa saini na chifu, ikapigwa muhuri, ikasubiri. Nikapata elfu tano. Mama alimshukuru mheshimiwa kanisani mwaka mzima, akamtaja kwenye maombi kabla ya kunitaja mimi. Hakuna aliyemwambia kwamba zile elfu tano zilikuwa zake: kodi aliyokatwa kwenye mafuta ya boda iliyombeba, kwenye kredo, kwenye kila pesa aliyotumiwa kwa simu. Mimi pia sikumwambia. Sikujua.

Hapo ndipo mchezo ulipo. Pesa zetu zinaenda Nairobi, zinarudi zikiwa zimevaa jina la mtu. Cheki kubwa ya kadibodi ina picha yake. Darasa limepakwa rangi ya chama chake. Kwa hiyo EACC wakija kumkamata, hatuoni mshukiwa wa wizi wa pesa zetu. Tunaona mfadhili wetu anafinywa. "Ni siasa hiyo. Wanamwonea mtu wetu." Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Sawa, lakini mkono tunaoulamba umepakwa asali kutoka kwenye mzinga wetu wenyewe.

Najua nitakachoambiwa. Wewe umesoma, umeshiba, una bando la kuandika mtandaoni. Mama ambaye mtoto wake amefukuzwa shule leo atakula katiba? Haki kabisa. Simwambii aikatae basari. Achukue, na akiweza achukue mara mbili. Ninachosema ni kwamba asijihesabu kuwa na deni. Hakuna anayemshukuru mhudumu wa M-Pesa kwa kumpa pesa zake mwenyewe. Unahesabu, unaondoka, na zikipungua unapiga kelele.

Sisi vijana ndio tunaoweza kuanza kelele hizo, kwa sababu mama zetu wamefundishwa kunyamaza kwa miaka mingi. 2027 inakuja, na matanga hayatakosa wageni wenye bahasha. Mheshimiwa akipewa kipaza sauti, aulizwe swali moja tu, kwa heshima, mbele ya watu: hizo ni zako au ni zetu? Akisema ni zake, aonyeshe mshahara unaotosha mazishi yote hayo. Akisema ni zetu, basi akae chini, hakuna alichotupa.

Na wewe mzee wa steji, shikamoo. Ni kweli, alitusaidia kuzika. Lakini tuliyemzika alikufa kwa kukosa nini?