Siku ya Dunia na mapanga yetu

Jumapili, saa tano usiku. Nina mtihani keshokutwa, ila kusoma siwezi mpaka nilitoe hili moyoni.

Leo chama kimoja cha wanafunzi hapa San Diego kimepitisha kwamba tarehe 22 Aprili, Siku ya Dunia, tutashuka kwenye korongo la nyuma ya mabweni "kulisafisha". Kufyeka vichaka, kupanda miche, fulana za bure, piza, picha. Nikanyoosha mkono kupinga, nikaambiwa nisiwe mkorofi. Haya, ukorofi wenyewe ndio huu.

Kwa mlioko nyumbani: mji huu una makorongo mengi yaliyobaki na vichaka vya asili, nyumba zimeyazunguka huku na huku. Humo anaishi ndege mmoja mdogo wa kijivu, California gnatcatcher, gramu 6 tu hivi. Akilia utadhani mtoto wa paka. Serikali ya Marekani ilimtambua kuwa yuko hatarini mwaka 1993. Kiota chake hukijenga chini chini, mara nyingi hata mita moja juu ya ardhi haifiki. Na msimu wake wa kutaga na kulea unaanza kama Februari mpaka Agosti. Sasa jamani, panga la Aprili litamwacha?

Halafu mvua. Huku inanyesha zaidi Novemba hadi Machi. Mche unaopandwa mwisho wa Aprili unapelekwa moja kwa moja kiangazini. Bibi yangu hakukanyaga darasa, lakini hapandi mahindi mvua ikishaaga. Sisi wasomi ndio tunaofanya hivyo, tena kwa fulana!

Wengine watasema vichaka vinaleta moto. Hofu hiyo ina haki yake, mioto ya 2003 na 2007 iliteketeza nyumba nyingi mno. Ndiyo maana kuna kanuni ya kupunguza vichaka futi 100 kuzunguka nyumba. Lakini kufyeka korongo zima ni jambo jingine. Ukiondoa kichaka cha asili, panaota haradali pori na nyasi za kigeni, zinakauka upesi na kushika moto kirahisi. Hata mbarika upo! Ule ule wa kwetu Afrika Mashariki, huku ni gugu linalosonga mimea ya wenyeji. Nilipouona mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaona aibu kidogo.

Msinielewe vibaya, sisemi watu wakae mbali. Bila watu haya makorongo yamekwisha. Mwaka 1988 Michael Soulé na wenzake walichapisha utafiti wa makorongo 37 ya mji huu: kadiri korongo lilivyo dogo na lilivyokaa miaka mingi limezingirwa, ndivyo ndege wa vichakani wanavyotoweka. Mwaka 1999 yeye na Kevin Crooks wakaonyesha kwamba penye koyote, yaani mbweha wa huku, paka ni wachache na aina za ndege ni nyingi zaidi. Kwa hiyo jirani anayemfungia paka wake ndani amefanya kazi kuliko sisi 60 na mapanga.

Ninachotaka ni hiki. Magugu tuyang'oe kwa mkono Septemba hadi Januari. Miche ipandwe mvua za kwanza, iwe ya hapa hapa. Kiangazi tumwagilie kwa zamu, hata kama hakuna mpiga picha. Na tubishe hodi kwa majirani wa ukingoni, maana sisi tutahitimu tuondoke, wao watabaki na korongo.

Aprili? Aprili tushuke na darubini, tukae kimya, tusikilize.

Mkutano wa mwisho ni Alhamisi. Mkono wangu utakuwa juu tena. Nisiwe peke yangu, washkaji.

Alamsiki.