Jiko la Gesi Halitaki Mazoea ya Mkaa

Arusha ni mji wa nyama choma. Kuanzia Kwa Mrombo hadi nyua za watumishi kule Njiro na Engutoto, mbuzi huchomwa kwa mkaa, na mchomaji hupewa heshima ya fundi. Siku hizi, hata hivyo, katika baadhi ya nyua hizo limeingia jiko la gesi la kuchomea nyama, na wenye nacho hulionyesha kwa wageni kama zamani tulivyoonyeshana redio.

Hatuna ugomvi nalo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na yeyote anayeitazama miteremko ya Mlima Meru anaelewa sababu. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba tumepokea mtungi, lakini elimu yake tumeiacha dukani.

Mkaa una subira. Unaweza kuuwasha, ukaenda kukata kachumbari, ukarudi. Gesi ya mitungi, yaani mchanganyiko wa propani na butani, haina subira hiyo. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikapotea, bali hutambaa chini na kutulia penye shimo au kona. Kwa asili haina hata harufu. Ile tunayoinusa hutiwa kwa makusudi ili itushtue. Basi mtu anayefungua koki huku kifuniko cha jiko kimefungwa, kisha akaanza kuulizia kiberiti, anajitegea mtego mwenyewe. Kifuniko hufunguliwa kwanza. Moto usiposhika, koki hufungwa, na watu hungoja dakika tano wakizungumza habari nyingine.

Mwezi Juni na Julai, baridi na manyunyu yanapoushika mji wetu, jaribu lingine hutokea: jiko husogezwa barazani, au sebuleni kabisa, ili lipashe wageni joto. Hili ni kosa la kufisha. Moto uliokosa hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na aliyelala karibu nao huenda asiamke.

Matunzo yenyewe si ya gharama. Mafuta ya nyama yaliyoganda hukwanguliwa, maana ndiyo huwaka ghafla. Matundu ya moto huzibuliwa, kwani buibui hupenda kujenga ndani ya mabomba yake. Mpira uliopasuka hautiwi gundi, hubadilishwa. Na kila mtungi unapofungwa, viungo hupakwa povu la sabuni: likitoa mapovu, gesi inavuja. Wako wanaopima kwa njiti ya kiberiti, nao wana bahati kuliko akili.

Lakini si haki kumlaumu mnunuzi peke yake. Muuzaji anayeleta mtungi kwa pikipiki, akaufunga na kuondoka mbio, amefanya nusu ya kazi. Kanuni za EWURA zinamtaka awe na mizani. Sisi tunasema aongeze na kikopo cha sabuni, apake povu mbele ya mwenye nyumba kabla ya kupokea fedha. Nao walimu wa sayansi, wanapofundisha uzito wa hewa, wangefanya vema kuanza na mtungi ulio jikoni kwa mwanafunzi.