Saa 72 Hazingoji Goma

Msichana aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Zikipita, dawa hizo hazimfai tena. Sasa mwambieni msichana wa Buleusa, huku Ikobo, Walikale, afanye nini: atafute nauli ya pikipiki hadi Goma, au awasihi wenye bunduki wa kizuizini wampishe? Na Goma yenyewe iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025.

Kwamba msaada ulio mbali haufai, tulifunzwa kwa damu. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, hapa hapa Walikale, watu wasiopungua 387 walibakwa katika vijiji 13. Umoja wa Mataifa uliwahesabu: 55 walikuwa wasichana wadogo, 9 wavulana. Tungoje wangapi tena?

Kinshasa ina programu ya taifa ya afya ya vijana tangu 2003. Miaka kumi baadaye, utafiti wa taifa wa 2013–2014 ulikuta wasichana 27 kwa kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Makaratasi hayakuwafikia.

Mwangalieni kijana anapoingia kituo cha afya kijijini. Anaketi benchi moja na shangazi yake na mke wa mchungaji. Anadaiwa kwanza pesa ya fishi, yaani karatasi ya matibabu. Kisha anaulizwa mbele ya wote: unaumwa nini? Anajibu: kichwa. Alikuja na kisonono, anarudi na parasetamoli, na kesho anamwambukiza mwenzake. Wazazi mnaohofia kwamba huduma hizi zitaleta uasherati, aibu hiyo imemlinda mtoto wa nani?

Tunachodai si majumba. Ni saa za jioni zilizotengwa kwa vijana, chumba chenye mlango unaofungwa, muuguzi anayejua kutunza siri, na dawa za waliobakwa katika kila kituo cha afya, si hospitali kuu peke yake. Fishi iwe bure kwa vijana wote. Lakini muuguzi asiyelipwa na serikali anakula kwa pesa ya fishi, hawezi kuisamehe. Basi mlipeni mshahara!

Msituambie hakuna pesa. Nchi inayochimba bati katika mgodi wa Bisie na kulifikisha ng'ambo haishindwi kufikisha kisanduku cha dawa Ikobo. Msitutume tena kwa wafadhili: Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025, tuliona afya ya kuomba inavyokatika siku moja. Mwaka 2001, kule Abuja, serikali za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wabunge wa Walikale na Masisi, simamieni ahadi hiyo, na bajeti isiyotaja dawa na mishahara ya vituo vya vijijini msiipigie kura.