Disko Matanga na Mizani ya Wahakiki: Kupinga Uainishaji wa Muziki kwa Ala na Mapigo

1.0 Utangulizi

Suala la uainishaji wa tanzu za fasihi simulizi limewashughulisha wataalamu wa Kiswahili kwa muda mrefu. Katika makala yake ya mwaka 1989 yaliyochapishwa katika jarida la Mulika, M. M. Mulokozi alikwisha kuonyesha kwamba utanzu hautambulikani kwa umbo la maneno peke yake. Sharti mainishaji atazame pia muktadha na namna kazi inavyowasilishwa kwa jamii. Makala hayo yametajwa katika tasnifu nyingi tangu wakati huo. Hata hivyo, kutajwa si kutumiwa. Pindi mhakiki anapotoka katika hadithi na methali na kuingia katika muziki wa kuchezwa, hasa ule unaopigwa kwa mitambo ya umeme, kigezo cha muktadha huwekwa kando, na badala yake hurudi vigezo viwili vikongwe: ni ala gani inayopigwa, na muziki huo umetoka wapi.

Makala haya yanakusudia kuupinga mwenendo huo kwa kutumia mfano wa Kwale na kusini mwa pwani ya Kenya. Hoja yake ni kwamba disko matanga, muziki wa mitambo unaopigwa usiku katika misiba ya eneo hilo, ni utanzu kamili wa sanaa ya matanga. Inadaiwa pia kwamba wahakiki waliokataa kuuita utanzu wamejinyima haki ya kuukosoa, na wamewaachia maafisa wa utawala kazi ambayo ilikuwa yao.

2.0 Orodha Mbili Zisizokutana

Anayetaka kujua muziki wa Kwale leo hupewa orodha mbili. Ya kwanza ni orodha ya ngoma za asili. Humo mna sengenya ya Wadigo, kayamba, chakacha na nyinginezo, kila moja ikifungwa kwa kabila lake na kuelezwa kwa ala zake: zumari, chapuo, upatu, njuga. Orodha hii ndiyo inayotumika katika mashindano ya muziki ya shule na katika maonyesho ya Bomas of Kenya, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1971. Ni orodha yenye manufaa kwa mhifadhi wa ala. Kwa mhakiki ina kasoro kubwa, kwa sababu inachukulia kwamba ngoma ni ile ile popote inapopigwa.

Kasoro hiyo inaonekana wazi Diani. Kikundi cha sengenya kinapoalikwa hotelini kuwatumbuiza watalii baada ya chakula cha jioni, ngoma hupimwa kwa saa ya mwenyeji wa hoteli. Hadhira haijui lugha ya nyimbo, haina wa kumjibu fanani, wala haina habari ikiwa ubeti umerukwa. Kikundi hicho hicho kikialikwa harusini Msambweni, hadhira humjua bwana harusi na ukoo wake. Huitikia, hutunza, hukejeli, na hunung'unika ngoma ikiharibika. Ala ni zile zile, na pengine hata wapigaji ni wale wale. Lakini kazi hizi mbili hazina dhima moja, hazina hadhira ya namna moja, wala haziharibiki kwa namna moja. Orodha ya ala huziita zote sengenya na kuishia hapo.

Orodha ya pili ni ya muziki wa mitambo, nayo imeagizwa nzima nzima kutoka ng'ambo: house, techno, na matawi yake yasiyokwisha, kila tawi likitambulishwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika na aina ya ngoma ya mtambo inayosikika chini yake. Wanaoipenda orodha hii huiona ya kisayansi kwa kuwa ina tarakimu. Katika orodha hiyo, disko la msibani halina mahali, kwa sababu didjei wa matanga huweza kupiga kwa usiku mmoja santuri za aina kumi. Katika orodha ya kwanza pia halina mahali, kwa kuwa halina zumari. Basi jambo linalojaza viwanja vya vijiji vya Kwale usiku kucha linaambiwa na orodha zote mbili kwamba halipo.

3.0 Ala Haijawahi Kuwa Utanzu

Wanaoshikilia kigezo cha ala hawana budi kueleza historia ya taarab. Muziki huo uliingia Zanzibar kutoka Misri katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake za Kiswahili Bombay mwaka 1928. Tangu hapo taarab imepokea fidla, akodiani, gitaa la umeme na kinanda cha umeme. Mombasa, Zuhura Swaleh aliimba kwa kuandamana na taishokoto, ala iliyotoka Japani, juu ya mapigo ya chakacha yaliyokuwa ya ngoma ya wanawake harusini. Hakuna mhakiki aliyediriki kuuita muziki huo wa Kijapani. Wasikilizaji waliuita taarab kwa sababu waliujua mwaliko wake, mafumbo yake, desturi ya kutunza na jinsi ya kumjibu hasidi bila kumtaja jina.

Beni nayo inatoa ushahidi kama huo. Tarumbeta, gwaride na vyeo vya kijeshi vilivyoigwa kutoka kwa wakoloni viliwafanya watazamaji wengi wa kigeni waione ngoma hiyo kuwa mwigo mtupu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alidhihirisha kwamba beni iliendeleza mashindano ya mitaa na vyama yaliyokuwapo pwani kabla ya tarumbeta kufika. Ala ilikuwa ngeni; shughuli ilikuwa ya wenyeji. Inashangaza kwamba somo hili, linalofundishwa kwa fahari darasani, husahauliwa mara jenereta inapowashwa.

4.0 Majina ya Ng'ambo Yenyewe

Wapenzi wa orodha ya pili nao hawajaisoma vyema orodha yao. Jina house linahusishwa na klabu iliyoitwa The Warehouse mjini Chicago, ambako Frankie Knuckles alipiga santuri kuanzia mwaka 1977. Jina garage lilitokana na Paradise Garage ya New York. Neno disko lenyewe limetokana na jina la ukumbi wa kuchezea santuri. Jina techno lilienea baada ya mwaka 1988, kampuni ya Uingereza ilipotoa mkusanyo wa muziki wa Detroit na kuhitaji jina la kuuzia. Hivyo, huko huko yanakotoka, mengi ya majina haya yalianza kama majina ya nyumba, mikusanyiko na biashara. Hesabu ya mapigo ilikuja baadaye, wakati wauzaji walipotaka kupanga rafu.

Jambo hilo limetokea karibu zaidi. Singeli ya Dar es Salaam ilikua katika mitaa kama Manzese na Tandale, ikirithi mengi kutoka mchiriku na vinanda vyake vidogo vya umeme. Watu waliijua katika vigodoro, yaani mikesha ya mitaani inayoandamana na harusi na sherehe nyingine. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, na singeli ikafika Ulaya. Huko ilisifiwa kwanza kwa kasi yake, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Sifa hiyo si ya uongo, lakini haisemi lolote juu ya aliyealikwa, aliyetunzwa, wala aliyesutwa. Kilichopotea njiani ni kigodoro.

5.0 Disko Matanga kama Utanzu

Vitabu vya fasihi simulizi vya shule za sekondari nchini Kenya huainisha nyimbo kwa dhima na tukio: nyiso za jandoni, hodiya za kazi, kimai za baharini, mbolezi za msibani. Uainishaji huu ni bora kuliko zile orodha mbili, na ndio ulio karibu na fikra za wenyeji. Lakini mwanafunzi wa Msambweni au Kinango anayekariri kwamba mbolezi ni wimbo wa maombolezo hutoka darasani akaenda kwenye matanga ambako sauti inayotawala usiku ni ya spika. Kitabu hakina neno kwa ajili yake. Jamii inalo, nalo limeundwa kwa ustadi: disko ni namna, matanga ni tukio.

Je, disko hili linatimiza masharti ya utanzu? Masharti matatu yanatosha. Kwanza, kuwe na jina linalotumiwa na wahusika wenyewe. Pili, kuwe na tukio linaloita kazi hiyo na kuipa dhima. Tatu, hadhira iweze kutambua kazi inapoharibika. Jina lipo. Tukio lipo: msiba unahitaji watu wa kukesha na fedha za mazishi, na disko huwaita watu na kukusanya michango. Sharti la tatu nalo linatimizwa, kwani malalamiko ya wazee dhidi ya disko matanga ni ushahidi wa wazi kwamba wanajua matanga yanapaswa kuwaje. Mtu halalamikii kuharibiwa kwa kitu kisicho na kanuni.

Wanaosema kwamba dansi na furaha msibani ni uzushi wa vijana wa leo wanapaswa kukumbushwa kifudu. Ngoma hiyo ya misiba ya Wamijikenda ina nyimbo ambazo lugha yake haiwezi kusemwa mahali pengine bila aibu. Kifo kiliruhusu maneno yaliyokatazwa katika uhai wa kila siku. Ni vigumu basi kudai kwamba tofauti ya zamani na sasa ni ya huzuni na anasa.

6.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba didjei hatungi. Hucheza santuri za wengine. Pingamizi hili lina uzito, lakini haliui hoja. Fanani wa fasihi simulizi hajawahi kuhukumiwa kwa upya wa kila neno. Huhukumiwa kwa uteuzi, mpangilio na uwezo wake wa kuliweka jambo kongwe katika tukio jipya. Tofauti ya kweli iko mahali pengine: santuri haiwezi kubadilishwa ili imtaje marehemu. Mwimbaji wa mbolezi aliweza kumtaja kwa jina, ukoo na matendo. Katika disko, kazi hiyo yote humwangukia mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Maneno yake baina ya wimbo na wimbo ndiyo matini ambayo wahakiki wangepaswa kuyakusanya na kuyachambua.

Pingamizi la pili ni la kimaadili, nalo ni zito zaidi. Viongozi wa utawala wa Kwale na Kilifi wametangaza marufuku ya disko matanga mara kadhaa, wakitaja mimba za wasichana wa shule, ulevi na ghasia. Viongozi wa dini nao wamelilaani. Madhara hayo hayafai kupuuzwa wala kufunikwa kwa nadharia. Lakini kuita kitu utanzu si kukisifu. Kuna mbolezi mbaya na taarab ya matusi, na hakuna aliyefikiri kwamba ubaya huo unaziondolea utanzu wake. Kinyume chake, ni utanzu unaompa mhakiki mizani. Akikubali kwamba disko hili ni la matanga, anaweza kuuliza: Je, limewaliwaza wafiwa? Je, marehemu ametajwa? Wanawake waliokuwa na sauti katika mbolezi wamepewa kipaza sauti, au wameachwa jikoni? Mtoto wa shule anafanya nini kiwanjani saa nane za usiku, na nani aliyepaswa kumrudisha nyumbani? Disko lisiloweza kujibu maswali haya limeshindwa kwa kanuni za matanga yenyewe, wala halihitaji kanuni za kigeni ili lishutumiwe. Marufuku haijui maswali hayo. Hukataza spika, na spika huhamia kijiji cha pili.

Pingamizi la tatu ni la wahifadhi. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ikiwamo Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka 2009 UNESCO iliziorodhesha mila za kaya miongoni mwa zile zinazohitaji hifadhi ya haraka. Inadaiwa kwamba kuipa disko hadhi ya utanzu ni kuudhalilisha urithi huo. Hofu hii inaeleweka, lakini imekosea adui. Sanaa ya matanga haipotei kwa sababu wahakiki wameandika juu ya disko. Inapotea wakati mabadiliko yake yanapotokea bila shahidi, hata ikafika siku ambapo hakuna anayeweza kusema ni kitu gani kilichoondoka na ni lini.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ala hubadilika na utanzu ukabaki, na kwamba hata majina ya muziki wa mitambo ya ng'ambo yalianza kwa mahali na mikusanyiko. Uainishaji unaofaa pwani ni ule unaoanza kwa swali ambalo mwenyeji wa Kwale huliuliza anaposikia ngoma kwa mbali: kuna nini huko? Akijibiwa kwamba kuna harusi, huvaa namna moja; akijibiwa kwamba kuna matanga, huvaa nyingine, na hubeba mchango wake.

Idara za Kiswahili zinazopeleka wanafunzi wa uzamili nyanjani kukusanya nyimbo zina wajibu wa kuwaagiza wasizime vinasa sauti jenereta inapowashwa. Maneno ya washereheshaji yanasemwa mara moja na kupotea usiku huo huo, na pamoja nayo hupotea majina ya marehemu waliotajwa na kumbukumbu ya waliosahauliwa.